Goti lako si la mwenzako: Kinga ya majeraha haigawiwi kama jezi

Fika uwanjani Ithookwe mjini Kitui Jumamosi jioni, au kwenye kiwanja chochote cha vumbi kando ya soko kule Makueni, na utaona mambo yale yale. Timu inazunguka kiwanja mara mbili, inasimama duara, kila mmoja anavuta mguu nyuma kwa sekunde kumi hivi, wanapiga makofi, refa anapuliza kipenga. Mchezo umeanza.

Sasa watazame wachezaji mmoja mmoja. Mshambulizi alivuta msuli wa nyuma ya paja mwezi wa pili, akarudi, akauvuta tena mwezi wa nne. Winga ameendesha boda tangu alfajiri na hajala kitu cha maana tangu chai ya asubuhi. Beki wa kati amefunga bandeji gotini na hakuna aliyemuuliza ni ya nini. Kipa ndiye mzee wa timu, anagonga miaka 36. Wote wanne wamepasha misuli moto kwa namna moja, kwa muda ule ule, kana kwamba miili yao ilitoka kiwanda kimoja.

Wanaoshughulika na tiba ya michezo wanasema kinga ya majeraha ishonwe kama suti: upimwe wewe, si jirani yako. Hasa kama wewe ni miongoni mwa wale ambao tayari wako kwenye hatari kubwa ya kuumia. Najua unachowaza. Hayo si ni mambo ya klabu za Ulaya, zenye madaktari sita na mashine ya kuhesabu kila hatua? La. Sehemu kubwa ya kazi hii inahitaji daftari, simu yenye kamera, na rafiki wa kukushika visigino.

Tuanze na kinga ya pamoja, maana nayo haifai kudharauliwa. Mwaka 2006 FIFA ilitoa programu ya kupasha mwili iitwayo FIFA 11+. Ina mazoezi 15 na huchukua kama dakika 20: unakimbia taratibu, unaingia kwenye mazoezi ya nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, halafu unamalizia kwa mbio za kasi na kukata kona. Kifaa ni mpira tu. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo kutoka ligi ya vijana ya Lagos, Nigeria, ambako wachezaji zaidi ya 400 walifuatiliwa. Timu zilizofuata programu hiyo zilipata majeraha machache kwa asilimia 41 kuliko zile zilizoendelea na mtindo wao wa kawaida. Nataja Lagos makusudi. Kila tukiambiwa kitu kimefaulu Norway, tunajibu kwamba wao wana nyasi.

Kwa hivyo kocha wa Mwingi au Wote ambaye bado anawazungusha vijana kiwanja mara mbili na kuwaita tayari, kuna kitu anawanyima, na kitu chenyewe ni cha bure.

Lakini dakika 20 za pamoja hazijui historia yako. Na historia ndiyo habari yenyewe. Ukiwauliza wataalamu ni jambo gani moja linaloonyesha zaidi nani ataumia, wengi watakujibu: aliyewahi kuumia. Msuli wa paja uliowahi kuchanika, kifundo cha mguu kilichowahi kuteguka, goti lililowahi kufanyiwa upasuaji, vyote hivyo vina tabia ya kurudi palepale. Swali la kwanza la kumuuliza mchezaji mpya basi si "unapiga mguu gani?" Ni "umewahi kuumia wapi, lini, na ulirudi baada ya wiki ngapi?"

Hapa kuna tahadhari. Usije ukadhani kuna kipimo kitakachomwambia kocha kwamba fulani ataumia Jumapili ijayo. Roald Bahr, daktari na mtafiti wa Oslo ambaye jina lake ni kubwa katika fani hii, aliandika mwaka 2016 kwamba vipimo vya kutabiri nani ataumia havifanyi kazi na huenda visifanye kazi kamwe. Wenye matokeo mabaya wengi hawaumii, na wenye matokeo mazuri wengine wanaumia. Kinga ya mtu binafsi si ramli. Ni kujua udhaifu wako na kuufanyia kazi, huku ukiendelea na mazoezi ya timu kama wengine.

Tuchukue mfano. Tuseme ni msichana wa miaka 17, anasoma shule ya bweni Kitui, anacheza kikapu muhula wa kwanza na soka muhula wa pili. Ana kasi, anakata kona kama sungura, na kila mtu anamtaka kwenye timu yake. Huyu ndiye mtu aliye kwenye hatari, na hajui.

Ndani ya goti kuna kano ya mbele ambayo wachezaji huiita ACL. Wasichana na wanawake huikata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume katika michezo ya kuruka na kukata kona kama soka na kikapu, na mara nyingi hata hakuna aliyewagusa. Mguu unatua, goti limenyooka au limeingia ndani kuelekea goti la pili, mwili unageuka, "pop!", amekaa chini. Watazamaji wanasema amejiangusha.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kutua kunafundishika. Simamisha simu mbele yake, kimo cha magoti. Apande juu ya kreti ya soda, ashuke kwa miguu yote miwili, kisha aruke juu mara moja. Rudia mara tatu. Halafu tazameni video polepole pamoja. Magoti yanakutana yanapotua? Anatua kwa kishindo, mgongo wima, miguu imenyooka? Basi mmejua pa kuanzia: kuchuchumaa mbele ya kioo au ya kamera huku magoti yakifuata vidole vya miguu, kuruka kidogo na kutua kimya, kuongeza nguvu za makalio na mapaja, kisha kuruka kwa mguu mmoja. Dakika kumi na tano, mara tatu kwa wiki. Mwenzake ambaye anatua vizuri hahitaji dozi hiyo. Anaweza kuutumia muda huo kupiga mashuti.

Na kwa kweli Wakamba wana darasa lao la zamani kuhusu jambo hili. Watazame wachezaji wa ngoma za Kikamba, wale wanaopaa hewani na kupinduka kabla ya kugusa ardhi. Hakuna anayetua na miguu iliyonyooka kama mti. Magoti yamekunjwa, nyonga zimerudi nyuma, na vumbi halipandi sana. Sijui kwa nini hakuna shule ambayo imewaita watu hao waje kuwafunza timu ya wavu.

Kama msichana wetu tayari amekata kano hiyo na akafanyiwa upasuaji, hesabu inabadilika kabisa. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa 2016, uligundua kwamba karibu mmoja kati ya kila wanamichezo wanne walio chini ya miaka 25 wanaorudi uwanjani huikata tena kano hiyo, ya goti lile lile au ya goti la pili. Mwaka huo huo, watafiti wa Oslo na Delaware, Marekani, wakaonyesha kwamba kila mwezi aliochelewa kurudi, hadi kufikia miezi tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena goti kwa takriban nusu. Kila mwezi! Fikiria ni mara ngapi umesikia mchezaji akiambiwa na wenzake, "Wewe ulipasuliwa miezi sita iliyopita, si umepona?" Tena kalenda peke yake haitoshi. Asimame kwa mguu mmoja, aruke mbele kadiri awezavyo, mpime kwa utepe wa fundi cherehani. Mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya ule mzima, na nguvu za paja vivyo hivyo, ndipo mazungumzo ya kurudi yaanze.

Mfano wa pili ni yule mshambulizi wa boda. Paja lake limechanika mara mbili, na mara zote mbili alirudi pale tu maumivu yalipoisha. Kuisha kwa maumivu si kupona. Huyu anahitaji zoezi linaloitwa la Nordic, na usitishwe na jina. Piga magoti kwenye nyasi au mkeka, rafiki akushike visigino kwa nguvu, kisha uteremke mbele polepole kama mti unaokataa kuanguka, mpaka misuli ishindwe na ujidake kwa mikono. Tafiti zikijumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba timu zinazolitumia hupunguza majeraha ya msuli huo kwa karibu nusu.

Shida ni dozi. Kijana anasikia habari hii leo, kesho anafanya mara hamsini, keshokutwa hawezi kupanda boda yake. Wiki ya kwanza ni siku moja tu, seti mbili za mara tano. Wiki ya pili, siku mbili, seti mbili za mara sita. Wiki ya tatu ndipo unafika siku tatu. Na asisahau kukimbia kwa kasi yenyewe, kidogo kidogo, kwa sababu mtu anayekaa kwenye pikipiki wiki nzima na kukimbia kwa nguvu zake zote Jumapili peke yake ameupa msuli ule mtihani bila kuusomesha. Kama ana abiria wa kupeleka hadi saa tisa na mechi ni saa kumi, mpango wake lazima uanzie hapo kwenye saa tisa, wala si kwenye kitabu cha kocha wa Manchester. Ale, anywe maji, afike mapema, apashe mwili kwa muda mrefu kuliko wenzake. Au aanzie benchi aingie kipindi cha pili. Makocha wetu wengi wataliona hilo kama adhabu.

Wa kifundo kilichoteguka nitamaliza naye haraka: simama kwa mguu huo mmoja ukipiga mswaki, asubuhi na jioni. Ukizoea, fumba macho. Ukizoea hilo pia, simama juu ya mto wa kitanda huku rafiki akikurushia mpira. Mazoezi ya kusawazisha mwili ya namna hii, yanayofanywa nyumbani bila msimamizi, yamepunguza kuteguka tena kwa zaidi ya theluthi.

Sasa wakimbiaji. Watu husahau, lakini Ukambani si wageni kwenye riadha. Bingwa wa kwanza kabisa wa Mbio za Nusu Marathoni za Dunia, kule Newcastle mwaka 1992, alikuwa Benson Masya, mzaliwa wa Kitui. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Patrick Makau, naye wa Machakos, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2011, saa 2:03:38. Kwa hivyo msichana wa Mbooni anayeamka gizani kukimbia hadanganywi na mtu.

Ila Mbooni si Makindu. Vilima vya Mbooni na Kilungu vinajenga mapafu, lakini kuteremka ndiko kunakolemea magoti na misuli ya mbele ya mapaja. Makindu na Kibwezi ni tambarare, joto, na ukikimbia kando ya barabara ya Mombasa unashindana na malori. Kitui wengine hukimbia kwenye mchanga wa mito iliyokauka. Mchanga hupunguza kishindo, sawa, lakini kisigino huzama na misuli ya nyuma ya ugoko hufanya kazi maradufu. Aliye na maumivu ya zamani juu ya kisigino aupunguze mchanga. Aliye na maumivu ya goti apande mlima kwa mbio na ashuke kwa miguu. Wanatoka kijiji kimoja, wana kocha mmoja, na njia zao za Jumanne hazifai kufanana.

Kuhusu umbali, kuna jambo jipya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000, uligundua kwamba hatari ilipanda pale mbio za siku moja zilipopita kwa zaidi ya asilimia 10 zile ndefu zaidi ambazo mtu alikuwa amekimbia katika siku 30 zilizotangulia. Ikiwa mbio zako ndefu zaidi mwezi huu ni kilomita 15, basi Jumapili usiende 22 kwa sababu umekutana na kundi lenye moto. Nenda 16. Hao wa 22 utawapata mwezi ujao.

Na wakimbiaji wa kike wana jambo ambalo makocha wa kiume huona haya kulitaja. Anayekimbia sana na kula kidogo, mwili wake huanza kubana matumizi kama nyumba isiyo na mshahara. Hedhi inapotea, mifupa inapungua nguvu, maumivu ya ugoko yanageuka kuwa ufa kwenye mfupa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina rasmi mwaka 2014 na kuifanyia marekebisho 2023, na ikasema wazi kwamba wanaume nao huipata. Hedhi kukosekana kwa miezi mitatu si dalili kwamba umefikia kiwango cha bingwa. Ni dalili ya kwenda hospitali. Kinga ya mtu huyu haipo kwenye mazoezi kabisa, ipo kwenye sahani: muthokoi, ndengu, yai, maziwa, embe, na nyingine tena baada ya mazoezi. Ndengu za Kitui zinauzwa hadi ng'ambo. Itakuwa ajabu wakimbiaji wa Kitui wakose nguvu.

Halafu kuna usalama wa barabarani. Juni 2020 Geoffrey Kamworor, bingwa mara tatu wa nusu marathoni duniani, aligongwa na pikipiki akiwa mazoezini Eldoret, akavunjika mfupa wa mguu na kufanyiwa upasuaji. Nguo yenye rangi ya kung'aa na kukimbia ukitazamana na magari ni kinga pia, hasa kwa aliye na kazi ya mchana na hana budi kukimbia gizani.

Kitu kingine ambacho hakigharimu pesa lakini tunakinyima vijana wetu ni usingizi. Utafiti wa wanamichezo wa sekondari Marekani, uliochapishwa 2014, uligundua kwamba waliolala chini ya saa nane walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 kuliko waliolala nane au zaidi. Sasa peleka hesabu hiyo kwenye bweni ambako kengele ya masomo ya alfajiri inalia saa kumi na nusu na taa zinazimwa saa nne na nusu usiku. Saa sita. Wakati wa mashindano ya shule, timu inaweza kucheza siku tatu mfululizo ikiwa imelala darasani kwenye magodoro sakafuni. Mwalimu wa michezo hawezi kubadilisha ratiba ya taifa. Anaweza kumwombea ruhusa ya kulala mtoto mmoja aliyetoka kuumia, na mwalimu mkuu akasema ndiyo.

Kuhusu dawa, nitasema kidogo tu. Kumeza daikloflenaki kabla ya mechi ili ucheze na maumivu ni kuzima king'ora huku nyumba ikiungua, na katika joto la Kitui, ukiwa huna maji mwilini, figo nazo zinaumia. Kumkandakanda mtu goti lililovimba siku ile ile, kwa mafuta au kwa maji moto, huongeza uvimbe. Wazee wetu wanajua mengi, lakini goti lililolia "pop" si lao.

Ni la nani basi? Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kitui ina idara ya fiziotherapia, na ile ya Makueni, mjini Wote, vilevile. Najua Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na kwamba kutoka Mutomo au Mtito Andei nauli peke yake inakata tamaa. Ndiyo maana uende ukiwa umejipanga. Beba daftari lenye majeraha yako yote na tarehe zake, mazoezi ya wiki nne zilizopita, kazi unayofanya na saa unazolala. Usiombe kukandwa tu. Omba mpango: mazoezi gani, mara ngapi, dalili gani ya kuacha, na kipimo gani cha kuonyesha niko tayari. Omba urekodi mazoezi yenyewe kwa simu ukiyafanya mbele yake. Safari moja ya namna hiyo inaweza kukufaa miezi mitatu nyumbani, na ukirudi unarudi na maswali.

Kocha naye awe na ukurasa mmoja kwa kila mchezaji. Jina, umri, jeraha la zamani, kazi au shule, na zoezi moja, narudia moja, ambalo ni lake peke yake. Ukimpa mtu mazoezi tisa hatafanya hata moja. Timu ikifika uwanjani, dakika 20 za pamoja, kisha dakika tano kila mtu na lake: huyu anashikwa visigino, yule anaruka na kutua, kipa anasimama kwa mguu mmoja akidaka mipira. Wapinzani watacheka wiki ya kwanza.

Na yule wa goti, kabla hajaahidiwa jezi, mtu ahesabu miezi kwa vidole. Aliyepasuliwa mwezi wa nane, mwezi wake wa tisa ni Mei. Kikapu cha muhula wa kwanza ataketi pembeni akiandika alama. Soka ya muhula wa pili, tumpime kwanza kwa utepe.